Haki ya ardhi ya kimila (Masisi na Walikale)

Haki ya ardhi ya kimila ni haki ya jamii za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, juu ya mashamba na misitu ya mababu. Katiba ya Kongo ya 2006 haiitaji waziwazi. Haki hiyo hutokana na ibara ya 34, inayolinda mali ya binafsi au ya pamoja iliyopatikana kisheria au kimila, na ibara ya 207, inayotambua mamlaka ya mila. Sheria ya ardhi ya 1973 ilifanya ardhi yote kuwa ya Dola. Ibara yake ya 389 iliahidi amri ya Rais kuhusu ardhi za jamii, lakini haikutolewa kwa miongo mingi, pengo zito mahali ambapo mashamba huzua vita. Kwa misitu, amri ya 2014 huruhusu jamii kupewa konsesheni ya hadi hekta 50,000.