Kipandikizi cha jino: Kufunikwa ufizini au kuachwa wazi?

MTU aliyeng'olewa meno yote ya chini hupata taabu kubwa zaidi kuliko aliyepoteza ya juu. Meno bandia ya juu hushikiliwa na kaakaa, lakini ya chini hayana pa kujishikiza, nayo husukumwa huku na huko na ulimi.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, kibogoyo wa aina hii huanza kuaga mahindi ya kuchoma, kisha miwa, na hatimaye nyama. Hubakia na ndizi mbivu, parachichi, uji wa wimbi na mboga zilizopikwa zikalainika.

Hali hiyo huzidi kadiri miaka inavyosonga, kwa sababu mfupa usio na meno hunywea. Utafiti wa Antje Tallgren uliochapishwa mwaka wa 1972 ulionyesha kwamba taya la chini hupungua takriban mara nne kuliko la juu.

Tiba iliyobadilisha mambo ni vipandikizi, yaani skrubu ndogo za titani zinazotiwa ndani ya mfupa ili zishikilie meno bandia. Mwaka wa 1952, mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aligundua kwamba mfupa wa sungura ulikuwa umeshikamana na titani kiasi cha kutoweza kutenganishwa nayo. Alimtibu binadamu wa kwanza kwa njia hiyo mwaka wa 1965.

Swali lililogawanya wataalamu baadaye lilikuwa hili: skrubu ikishatiwa, mfupa uachwe upone vipi?

Kufunika

Njia ya kwanza ni ya Brånemark mwenyewe. Daktari hutia skrubu, kisha huushona ufizi juu yake. Taya la chini huachwa kwa miezi mitatu hadi minne, na la juu kwa miezi sita hivi. Baadaye ufizi hupasuliwa tena ili kipande cha kushikilia meno kifungwe.

Nia yake ni kuukinga mfupa dhidi ya viini vya kinywani na dhidi ya mtikisiko. Kasoro yake ni kwamba mgonjwa hupasuliwa mara mbili.

Kuacha wazi

Njia ya pili iliendelezwa nchini Uswisi katika miaka ya 1970 na André Schroeder na wenzake. Hapa kichwa cha kipandikizi huachwa kikichungulia juu ya ufizi tangu siku ya kwanza, na ufizi hupona ukikizunguka. Hakuna upasuaji wa pili.

Hata hivyo, mgonjwa hana budi kukisafisha kila siku kama alivyoelekezwa. Aidha, meno bandia ya muda hukwanguliwa kwa ndani ili yasikigandamize.

Kutumia mara moja

Njia ya tatu ni kufunga meno katika muda wa wiki moja baada ya upasuaji. Sehemu ya mbele ya taya la chini huifaa kwa kuwa mfupa wake kwa kawaida ni mgumu. Mara nyingi vipandikizi vinne au zaidi huunganishwa pamoja ili vigawane uzito wa kutafuna.

Si kila mtu anayeifaa. Skrubu isipokaza vyema siku ya upasuaji, ni salama zaidi kungoja.

Ipi bora?

Tafiti zilizolinganisha njia mbili za kwanza hazijaonyesha tofauti kubwa katika idadi ya vipandikizi vinavyoshika. Adui halisi ni mtikisiko. Kipandikizi kikicheza kupita takriban milimita 0.15 wakati wa kupona, nyama laini hujijenga pale palipostahili kuwa na mfupa, nacho hulegea.

Kwa hivyo, kufunika kunafaa zaidi pale mfupa ulipo dhaifu, ulipoongezewa mwingine, au skrubu isipokaza. Mfupa ukiwa imara, kuacha wazi kunatosha na humpunguzia mgonjwa upasuaji mmoja.

Jambo hilo si dogo kwa mkazi wa Nyamira au Keroka anayetibiwa Nairobi, safari ya takriban kilomita 300. Upasuaji wa pili ni nauli nyingine, siku nyingine za kuacha chai shambani, na mara nyingi nauli ya mwana wa kumsindikiza mzee.

Gharama pia hutegemea idadi ya vipandikizi. Mwaka wa 2002, wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walikubaliana kwamba vipandikizi viwili vinavyoshikilia meno bandia ya kutoa na kurudisha viwe chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno.

Kabla ya kukubali, mgonjwa aulize mfupa wake una kimo gani kwenye picha ya eksirei, atapasuliwa mara ngapi, atarudi kliniki mara ngapi, na nani atamhudumia kipandikizi kikilegea. Amweleze daktari iwapo ana kisukari, anavuta sigara au anatumia dawa za kuimarisha mifupa, kwani hayo huweza kuzuia mfupa kupona. Ahakikishe pia kwamba daktari huyo amesajiliwa na baraza la madaktari na wataalamu wa meno nchini.

Njia yoyote atakayoichagua, miezi ya kwanza ni ya vyakula laini. Mahindi ya kuchoma yatangoja.