UZI: Maji ya Ruiru, mkataba wa Thika, na kile tunachongoja baada ya kura

1/ Kila baada ya uchaguzi wa urais, swali ni lile lile ndani ya matatu za Thika Road: "Sasa stima na mafuta vitashuka lini?" Mmoja anasema tulidanganywa. Mwingine anasema wapewe muda. Kufika Githurai, watu washaanza kutukanana. Leo tuache majina ya watu na vyama, tusome historia kidogo. Na tuanzie hapa hapa nyumbani, Ruiru na Thika. Uzi ni mrefu kidogo, shikilia.

2/ Mwaka 1908 mhandisi anayeitwa Clement Hirtzel alipewa haki ya peke yake ya kusambaza umeme Nairobi. Hapo ndipo ilipozaliwa Nairobi Power and Lighting Syndicate. Umeme wenyewe ulitoka wapi? Maporomoko ya mto Ruiru. Yaani kabla Ruiru haijawa mji wa ploti na maghorofa, maji yake yalikuwa yanawasha taa za Nairobi.

3/ 1922 kampuni ya Nairobi iliungana na ya Mombasa, ikawa East African Power and Lighting. Katikati ya miaka ya 1920 ikaja stesheni ya Ndula, mto Thika, megawati 2. Leo hizo ni kidogo sana. Zamani hizo ilikuwa hatua kubwa. Lakini waliowashiwa ni mji, viwanda na walowezi. Mwananchi wa kawaida nyaya zilimpita juu ya kichwa.

4/ Mpango wa kitaifa wa kupeleka umeme vijijini ulianza 1973, miaka 10 baada ya uhuru. Ndiyo maana ahadi ya "stima kwa kila nyumba" haichoki kwenye kampeni. Kuna deni la kihistoria pale, na mwanasiasa yeyote anajua kuligusa. Kumbuka hiyo unapomcheka mtu aliyepiga kura kwa sababu ya nguzo ya stima.

5/ Baada ya uhuru nchi iliegemea mabwawa ya mto Tana: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Maji ya mto Thika pia huishia Masinga. Mvua ikinyesha, tuko sawa. Mvua ikikosa, shida. Mwaka 2000 ukame ulileta mgao mkali wa stima, na serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli. Kwa mji wa viwanda kama Thika, mgao maana yake ni mashine kusimama na vibarua kurudishwa nyumbani.

6/ Ukaja uchaguzi wa Desemba 2002. Wazee wetu wanakumbuka matumaini yale. Na kazi ilifanyika: sera ya nishati 2004, sheria ya nishati 2006, kisha 2008 zikaundwa kampuni ya mvuke (GDC) na ya nyaya kubwa (KETRACO). Lakini zile megawati 280 za mvuke wa Olkaria zilikamilika 2014 na mapema 2015. Aliyepiga kura 2002 akiwa na miaka 18 alikuwa na 30 stima hiyo ikiingia. Na serikali ilikuwa imeshabadilika.

7/ Somo la kwanza hapo: matunda ya nishati huiva mikononi mwa mtu mwingine. Huyu anachimba kisima, yule anakata utepe. Kwa hivyo ukisikia serikali yoyote ikijisifu kwa stima iliyowaka mwaka wake wa kwanza, uliza nani alianza kazi hiyo. Ukisikia ikilaumiwa kwa bei ya mwaka wa kwanza, uliza hivyo hivyo.

8/ Uchaguzi wa Machi 2013. Septemba mwaka huo ukazinduliwa mpango wa kuongeza megawati 5,000 ndani ya miezi 40. Miezi 40 iliisha na nyongeza hiyo haikufika hata nusu. Kiwanda cha makaa ya mawe cha Lamu, megawati 1,050, kilikuwa kwenye hesabu hiyo. Kibali chake cha mazingira kilifutwa na mahakama ya mazingira Juni 2019.

9/ Sasa turudi Thika. Mwaka 2014 kilianza kazi kiwanda cha umeme cha Thika Power, megawati 87, kinachochoma mafuta mazito. Ni cha kampuni binafsi, na kina mkataba wa miaka 20 wa kuuzia Kenya Power. Hapa ndipo watu wengi huachwa nyuma kwenye mjadala, kwa hivyo twende polepole.

10/ Mkataba wa aina hii una malipo mawili. Moja ni la umeme uliouzwa. Lingine ni la kiwanda kuwa tayari, kiwashwe kisiwashwe. Fikiria umekodi matatu kwa miaka 20. Mafuta unalipa ikitembea. Lakini ya kuikodi unalipa kila siku, hata ikilala stejini. Bei ya mafuta duniani ikipanda, unaiona kwenye gharama ya mafuta ya bili yako. Shilingi ikishuka mbele ya dola, unaiona pia.

11/ Hesabu sasa: 2014 mpaka 2034. Ndani yake kuna uchaguzi wa 2017, 2022, 2027 na 2032. Chaguzi nne, mkataba mmoja. Unaweza kubadilisha kila mtu kule juu na malipo yakaendelea, kwa sababu mkataba umelindwa kisheria na una dhamana za kimataifa. Ukiuvunja ovyo, utalipa fidia kotini. Hili husikii kwenye jukwaa la kampeni, la upande wowote.

12/ Tuwe waungwana lakini. Mikataba hii haikuanguka kutoka mbinguni. Nchi iliyokuwa imetoka kwenye mgao wa 2000 iliogopa giza, na mwekezaji hajengi kiwanda bila uhakika wa kulipwa. Ukame ukija na mabwawa yakishuka, hizo injini ndizo zinatuokoa. Swali la haki ni hili: bei tuliyokubali ilikuwa sawa? Na nani aliuona mkataba kabla haujatiwa sahihi? Mwananchi wa Makongeni hakuuona.

13/ Somo la pili ni bei na kalenda. Angalieni tarehe:
- Machi 2021 iliteuliwa kamati ya kuchunguza mikataba ya umeme. Septemba ikapendekeza bei ishuke kwa asilimia 33.
- Januari 2022, mwaka wa uchaguzi, ikashuka asilimia 15. Awamu ya pili haikuja.
- Desemba 2022, baada ya uchaguzi, hata hiyo 15 ikafika mwisho.

14/ Kwa mafuta:
- Septemba 2018, mwaka mmoja baada ya uchaguzi, VAT ya asilimia 16 ilianza kutozwa. Kelele zikawa nyingi, mwezi huo huo ikapunguzwa hadi 8.
- Septemba 13, 2022, rais mpya anaapishwa, anasema ruzuku ya mafuta imekula bilioni 144. Kesho yake petroli Nairobi inatoka shilingi 159.12 hadi 179.30. Dizeli 140 hadi 165.
- Julai 2023 VAT inarudi 16.
- Agosti 2023 ruzuku kidogo inarudishwa. Septemba petroli 211.64.

15/ Umeona mtindo? Kabla ya kura, bei inashikiliwa. Baada ya kura, inaachiliwa. Imefanyika chini ya serikali tofauti, kwa hivyo usiniambie ni tabia ya mtu mmoja. Na bei iliyoshikiliwa haikupotea: ilikuwa deni kwa kampuni za mafuta, na deni hulipwa na hazina, na hazina ni wewe. Kuna njia tatu tu za kulipa: kwa bei, kwa ushuru, au kwa mkopo.

16/ Basi ruzuku ni mbaya? Tusikimbie. Wanaoipinga wanasema mwenye magari matano anafaidika kuliko mwenye baiskeli. Kweli. Lakini wanasahau kwamba mtu wa Ruiru anayefanya kazi Industrial Area hulipa dizeli kupitia nauli, kila asubuhi na kila jioni. Wanaoiunga mkono wanasahau kusema ni nini kitakatwa ili ilipwe. Mjadala ambao hautaji mlipaji ni porojo.

17/ Somo la tatu ndilo linaniuma zaidi, kwa sababu liko ndani ya keja zetu. Tangu mpango wa Last Mile wa 2015, ada ya kuunganishiwa stima ilishuka kutoka 35,000 hadi 15,000. Wateja walitoka takriban milioni 2.3 mwaka 2013 hadi karibu milioni 9 mwaka 2022. Hilo ni jambo kubwa, tusilidharau. Lakini kuunganishwa ni jambo moja, kumudu tokeni ni jingine.

18/ Tangu mwisho wa 2018, anayetumia chini ya uniti 100 kwa mwezi alikuwa kwenye kundi la bei nafuu. Aprili 2023 mpaka ukashushwa hadi uniti 30. Bei ya msingi wakati huo, kabla ya tozo na VAT: 12.22 kwa wa uniti 30 kushuka chini, 16.30 kwa wa 31 hadi 100, na 20.97 kwa wa zaidi ya 100.

19/ Sasa nenda ploti yoyote Kihunguro au Makongeni yenye mita moja ya kampuni na vimita vidogo vya landlodi. Nyumba 10, kila moja uniti 25. Kila mpangaji ni "maskini" kwa hesabu ya serikali. Lakini mita inasoma 250, kwa hivyo wote wanauziwa kwa bei ya juu kabisa. Kinga iliyowekwa kwa ajili yao inawapita juu ya kichwa, kama nyaya za Ndula zilivyowapita babu zao.

20/ Hilo halihitaji megawati 5,000 wala kuvunja mkataba. Linahitaji mita ya kila nyumba, au kanuni ya kuhesabu wapangaji. Lakini sijawahi kusikia watu wakipigana nalo kwenye matatu. Tunapigania nani ni mwongo zaidi.

21/ Kwa hivyo mwanasiasa wako akiahidi kushusha bei, mpigie makofi ukitaka, kisha uliza haya:
- Kwa njia gani: bei, ushuru au mkopo?
- Mkataba gani utaguswa, na unaisha mwaka gani?
- Mpaka wa bei nafuu utakuwa uniti ngapi?
- Mpangaji wa mita moja umemweka wapi?
- Punguzo litadumu mpaka mwezi gani baada ya kura?

22/ Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Stima ya Ruiru iliwasha Nairobi zaidi ya miaka 100 iliyopita, na waliokaa karibu na maji hawakuulizwa lolote. Sisi tunaulizwa kila miaka mitano. Ukipinga nilichosema, weka hoja hapo chini, si matusi. Kama unaishi ploti ya mita moja, tuambie unalipa ngapi kwa uniti. Tulinganishe.