Wapenzi wa Timu ya Shabana ya Kisii



Ni desturi katika taarifa hii kuwataja waliotoa fedha na waliotoa nguvu zao. Mwaka huu twapenda kuwakumbuka watu ambao majina yao hayamo katika daftari lolote, nao ni wale wapenzi wa mpira waliosimama na timu ya Shabana ya mji wa Kisii tangu ujana wao hata wakapata mvi.

Vyama kama hiki chetu na mpira wa miguu ni ndugu wa siku nyingi. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1963, bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru AllStars. Mwaka 1964 iliundwa timu ya Abaluhya, na mwaka 1968 Gor Mahia. Mtu aliyeacha kwao kutafuta kazi mjini aliwakuta ndugu zake uwanjani. Hapo alipata habari za nyumbani, na akifikwa na msiba alijua ni nani wa kumwendea. Mwaka 1980 majina ya kikabila yalipokatazwa, Abaluhya iligeuzwa kuwa AFC Leopards. Mwaka huo huo Shabana ilizaliwa Kisii. Jina lake halikuwa la kabila lo lote, lakini watu wa Gusii waliipokea kama mtoto wa nyumbani.

Kuipenda timu inayoshinda si kazi ngumu. Shabana ilikaa miongoni mwa timu kubwa za nchi kwa miaka mingi, kisha mwaka 2006 ikashuka kutoka ligi kuu. Haikurudi mpaka mwaka 2023. Hiyo ni miaka 17. Katika miaka hiyo timu ilicheza katika madaraja ya chini, ambako magazeti hayaandiki sana wala wageni hawaji kutazama. Ndipo ilipoonekana maana ya methali ya wahenga: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Na tufanye hesabu ndogo. Mtoto aliyezaliwa Kisii mwaka 2006 alikuwa na umri wa miaka 17 timu iliporudi, amekaribia kuchukua kitambulisho. Hakuwahi hata mara moja kuiona Shabana katika ligi kuu. Hata hivyo, mwaka 2023 vijana wa umri wake walijaa katika uwanja wa Gusii, na wengine walisafiri yapata kilomita 300 hadi Nairobi kuifuata. Ni nani aliyewafundisha kuipenda? Magoli hayakuwafundisha, maana hawakuyaona. Walifundishwa na baba, mama, mjomba na jirani, waliolipa kiingilio kidogo, wakasimama katika mvua ya alasiri ya Kisii, wakarudi nyumbani wameshindwa, na juma lililofuata wakaenda tena, mtoto wamemshika mkono.

Wazee hao hawakupewa kikombe wala mshahara. Wengine walifariki kabla ya mwaka 2023, wasiione siku waliyoingojea. Vitabu vya mpira huandika jina la mfungaji na dakika aliyofunga; aliyengoja miaka 17 haandikwi. Nasi twajua katika Chama chetu kwamba ada ndogo ya kila mwezi, ikitolewa na mtu asiyechoka, ndiyo inayozika wafu na kusomesha yatima. Zawadi kubwa ya siku moja haiwezi kazi hiyo.

Chanda chema huvikwa pete. Kwa hiyo twawasihi Wanachama, kila mmoja katika mji wake, wawaulize wazee wa namna hii maadamu wangali hai: walianza lini kuifuata timu yao, walikwenda kwa njia gani, na ni kina nani waliokaa nao. Majibu yaandikwe na kuletwa kwa Katibu, yahifadhiwe pamoja na kumbukumbu za mikutano yetu.