Mguu Kwenye Kona ya Picha

Mchoro wa J. M. W. Turner unaojulikana kwa kifupi kama Slave Ship niliuona mara ya kwanza kwenye skrini ya simu, nikadhani ni machweo. Jua limelipasua anga katikati, bahari imekuwa nyekundu, na upande wa kushoto, mbali, meli yenye milingoti inapigwa na mawimbi. Nikaupenda. Nilipoikuza picha ndipo nikaona, kwenye kona ya chini kulia, mguu wa mtu umeelekea juu, una pingu ya chuma, na samaki wamekwisha kuuzingira. Niliona aibu kwa kule kupenda kwangu.

Turner aliuonyesha mchoro huo London, katika Royal Academy, mwaka 1840. Jina lake kamili ni refu na halifichi kitu: linawataja wafanyabiashara ya watumwa wakiwatupa baharini waliokufa na wanaokufa, huku tufani ikija. Wanahistoria wengi wanauhusisha na meli ya Zong. Mwishoni mwa Novemba 1781 meli hiyo, mali ya wafanyabiashara wa Liverpool, ilikuwa imeipita Jamaica kwa kukosea kisiwa. Mabaharia walidai kwamba maji yanakwisha, wakaanza kuwatupa watu baharini, kundi baada ya kundi, kwa siku kadhaa, mpaka wakazidi 130. Mvua ilinyesha kabla hawajamaliza, na bado hawakuacha.

Kisha wenye meli wakadai bima, pauni 30 kwa kila kichwa. Mwaka 1783 wazee wa baraza mahakamani waliwapa ushindi. Kampuni ya bima ikapinga, na Jaji Mkuu, Lord Mansfield, akaruhusu kesi isikilizwe upya. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Mahakamani palibishaniwa hasara ya shehena tu, na nani ailipe.

Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyedanganywa na lile jua, mpaka nikasoma habari za John Ruskin, mhakiki aliyeutetea mchoro huu kuliko mtu yeyote. Katika kitabu chake cha mwaka 1843 aliyasifu mawimbi yake, mwanga wake na rangi zake kwa maneno mengi mazuri sana. Kwamba meli ile ni ya watumwa, alilisema kwenye tanbihi. Mwaka uliofuata baba yake alimpa mchoro wenyewe kuwa zawadi. Baadaye aliuuza, na leo uko Boston, Marekani.

Wakati Turner anauonyesha, uvumbuzi wa Daguerre ulikuwa na mwaka mmoja tu tangu kutangazwa. Bahari iliwasumbua sana wapiga picha wa mwanzo. Wimbi halitulii, na kemikali zao zilishika mwanga wa buluu upesi mno, hata anga likatoka jeupe tupu. Mfaransa Gustave Le Gray, mnamo 1856 na 1857, aliunganisha negativu mbili, moja ya mawingu na moja ya maji. Wapo wanaouita huo udanganyifu. Mimi sioni tofauti yake na mchoraji aliyechagua jua la siku moja na mawimbi ya siku nyingine.

Lakini picha inayonirudia kila nikiufikiria mchoro wa Turner si ya Le Gray. Ilipigwa huku kwetu, katika Bahari ya Hindi, ndani ya manowari ya Kiingereza iitwayo Daphne, tarehe 1 Novemba 1868. Inahifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza. Watu waliotolewa kwenye jahazi wamekaa sitahani, wamebanana, wengine wamekonda mno. Humu bahari si habari. Kwa Turner kuna bahari na viungo vya watu. Hapa kuna watu wenye nyuso, na ili nyuso hizo zitoke ilibidi watulie mbele ya kamera.

Miaka mitano baadaye, mwezi Juni 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja, na picha za aina hii zilikuwa sehemu ya shinikizo lililomfikisha hapo. Siwezi kuzidharau. Hata hivyo manowari zile zililipwa fedha kwa kila mtu waliyemtoa, au kwa ukubwa wa jahazi walilolikamata, na wengi wa waliookolewa hawakurudishwa makwao. Walishushwa Aden, Bombay au Ushelisheli. Kichwa cha mtu kilikuwa na bei pande zote mbili za bahari, hata mikononi mwa wakombozi.

Maelezo ya picha yanataja manowari, jahazi na tarehe. Majina ya waliokaa sitahani hayamo.