Kurudi nyumbani kwa baiskeli: kutoka Nottingham hadi Ngamiani

Kwa nini wazazi wetu wengi wanaona aibu mtoto wao akienda kazini na kurudi kwa baiskeli? Swali linaonekana dogo, lakini ukilivuta kidogo linatoka na historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo inatuhusu sisi.

Mi nakaa Nottingham. Siku nne kwa wiki natoka kazini saa kumi na moja jioni (yaani ile saa tano ya kwenye simu yako), nawasha taa, napiga pedeli hadi nyumbani. Ni kama dakika ishirini na tano, na upepo wa mbele zinafika thelathini. Nafika nimelowa, mara nyingine kwa mvua, mara nyingine kwa jasho. Mama hapendi kabisa. Huwa ananiambia, "Mwanangu, tumevuka bahari yote hii ili wewe upande baiskeli? Watu watasema hatukukusomesha."

Simjibu vibaya, maana mama ni mama. Lakini kuna kitu kinanishangaza. Baba yake mwenyewe, babu yangu mzaa mama, alijulikana mtaa mzima wa Ngamiani, Tanga, kwa sababu ya baiskeli yake. Wakati huo baiskeli ilikuwa heshima. Sasa kitu kilekile kimekuwaje heshima kwa babu halafu kikawa aibu kwa mama? Katikati hapo kulitokea nini?

Ilianza kwa matajiri

Baiskeli za mwanzo hazikuwa za wafanyakazi. Zile zenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma zilikuwa mchezo wa vijana wenye pesa na wasioogopa kuvunjika shingo. Mambo yalibadilika mwaka 1885, pale John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alipotoa baiskeli iliyoitwa Rover: magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, na cheni inayozungusha la nyuma. Ukiiona leo utaitambua mara moja. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alisajili uvumbuzi wake wa tairi la kujazwa upepo. Alikuwa amelijaribu kwanza kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe.

Kabla ya hapo uliendesha juu ya mpira mgumu au chuma, mifupa yote inagongana. Tairi la upepo ndilo lililofanya mtu aliyechoka baada ya kazi ya kutwa aweze kupanda baiskeli na kwenda kwake bila kuumia mgongo.

Ila tairi linataka mpira, na mpira ule ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka Kongo. Kuanzia 1885 nchi ile ilikuwa kama shamba la mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Ulaya na Marekani zilipoanza kutaka matairi ya baiskeli, na baadaye ya magari, vijiji vya Kongo vililazimishwa kukusanya utomvu wa mpira msituni. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume zao walete kiasi kilichotakiwa. Askari walikata watu mikono ili kuwaonyesha wakubwa wao kwamba risasi hazikupotea bure. Mwaka 1908, baada ya kelele nyingi za wanaharakati, Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Naliweka hili mapema makusudi. Wenzetu wenye asili ya Kongo, ambao baiskeli wanaiita "kinga", wana haki ya kusema kwamba watu wao walilipia raha ya barabarani kabla hawajaipata wenyewe.

King'ora kikilia

Tuje Nottingham sasa. Mwishoni mwa miaka ya 1880 kulikuwa na karakana ndogo kwenye barabara ya Raleigh Street. Mfanyabiashara Frank Bowden, ambaye afya yake ilikuwa imerudi baada ya kuanza kuendesha baiskeli, aliingiza pesa zake pale, na ikazaliwa kampuni ya Raleigh. Baadaye kiwanda kilihamia Lenton, kikawa kikubwa kama mji ndani ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilikuwa kinatoa baiskeli zipatazo milioni moja kwa mwaka, na nyingi zilipakiwa melini kwenda nchi za nje.

Wakati huo baiskeli ilikuwa imeshashuka bei na kufika mikononi mwa mfanyakazi wa kawaida wa Uingereza. Ukitaka kuona hali ilivyokuwa, tafuta filamu ya mwaka 1960 iitwayo Saturday Night and Sunday Morning. Inamhusu kijana wa kiwanda hapahapa Nottingham, na imetoka kwenye riwaya ya Alan Sillitoe, ambaye naye aliwahi kufanya kazi Raleigh. Saa ya kutoka ikifika, wafanyakazi wanamwagika getini, wengi wakiwa juu ya baiskeli. Hakuna anayevaa nguo za michezo. Watu wako na makoti na kofia zao za kila siku, wanarudi kunywa chai.

Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba mwaka 1949 watu wa Uingereza waliendesha baiskeli jumla ya maili bilioni 14.7. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Babu na ndege wa shingo ndefu

Tanga ni tambarare. Hata leo, Mtanzania ukimtajia Tanga atakuambia mambo mawili: "waja leo waondoka lini", na baiskeli. Wanaume, wanawake, wanafunzi, wote wanaendesha.

Katika miaka ya 1950 babu alikuwa karani bandarini. Kazi yake ilikuwa kuhesabu marobota ya katani kabla hayajapakiwa kwenye matishari, maana pale Tanga meli kubwa zilitia nanga mbali kidogo na mzigo ukapelekwa kwa tishari. Jioni alivuka reli na kuingia Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Baiskeli yake ilikuwa Raleigh nyeusi, na mbele ilikuwa na alama ya kichwa cha ndege wa shingo ndefu. Mama akiwa mdogo aliamini ndege yule ndiye anayeivuta.

Mama anakumbuka vitu vidogo. Anakumbuka dainamo lililobana kwenye tairi na kuvuma, taa ikiwaka zaidi babu akiongeza mwendo na kuzimika akisimama. Anakumbuka samaki wamefungwa kwenye karia, na kengele aliyoipiga akifika kona ya mtaa ili watoto wakimbie kumpokea. Akiingia ndani, kabla hajala, aliifuta kwanza baiskeli kwa kitambaa chenye mafuta.

Kwa nini ilikuwa heshima? Kwa sababu wengi walitembea kwa miguu. Baiskeli mpya ilikula mshahara wa miezi, kwa hiyo aliyenayo alionekana ana kazi ya kueleweka na anajua kuweka akiba. Ilimpa pia kitu ambacho mwajiri hakuweza kukichukua, yaani muda. Babu alifika nyumbani jua bado lipo, akawahi kuoga, akawahi magharibi msikitini, akawahi kuwaona wanawe kabla hawajalala. Usiku jirani akiugua, ni babu aliyegongewa mlango, na mgonjwa alikalishwa kwenye karia hadi hospitali. Chombo cha kurudia kutoka kazini kilikuwa pia gari la wagonjwa la mtaa.

Mlango uliofungwa

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sidhani kama babu alilijua.

Miaka hiyohiyo aliyokuwa akiifuta Raleigh yake, watu weusi waliohamia Nottingham, wengi wao kutoka Jamaica na visiwa vya jirani, walikuwa wakienda kuomba kazi pale kiwandani na kukataliwa kwa sababu ya rangi. Hebu fikiria. Baiskeli ziliuzwa makoloni, watu weusi walizinunua kwa akiba yao, lakini mtu mweusi kusimama kwenye mashine inayozitengeneza ilikuwa haiwezekani. Wanaharakati wa hapa, akiwemo Oswald George Powe aliyetoka Jamaica, walilipigania jambo hili. Lilifika hadi kwa Norman Manley, kiongozi wa serikali ya Jamaica wakati huo, na shinikizo likawa rahisi kuelewa: kama watu wetu hawaajiriwi, baiskeli zenu nazo zisije kwetu. Mlango ukafunguka, na baadaye wafanyakazi weusi wakawa sehemu kubwa ya historia ya kiwanda kile.

Na kurudi nyumbani kwenyewe hakukuwa salama kwa kila mtu. Jumamosi ya tarehe 23 Agosti 1958 zilizuka ghasia za rangi katika mtaa wa St Ann's, hapa Nottingham. Wiki moja baadaye zikafuata zile za Notting Hill, London, ambazo ndizo wengi wanazikumbuka. Majina yanafanana, lakini ni miji miwili tofauti. Kwa mtu mweusi wa wakati ule, swali la jioni halikuwa "nitafika saa ngapi?" tu. Lilikuwa pia "nipite njia gani?"

Heshima ilivyogeuka aibu

Mwezi Mei 1950 mgao wa petroli ulikwisha Uingereza. Magari yakaongezeka, nyumba mpya zikajengwa mbali na viwanda, barabara zikapanuliwa kwa ajili ya magari. Zile maili bilioni 14.7 za mwaka 1949 zilishuka hadi bilioni 2.3 mwaka 1973. Aliyeweza kununua gari alinunua. Aliyebaki juu ya baiskeli akaonekana ameshindwa maisha.

Kwetu Afrika Mashariki nako baiskeli ilibadilika maana. Katika miaka ya 1960, huko Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, vijana walianza kubeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Neno "boda boda" lilizaliwa hapo, kutokana na neno la Kiingereza la mpaka, kabla pikipiki hazijalichukua. Baiskeli ikawa chombo cha kubeba watu wengine, mkaa, ndizi na madumu ya maji. Mjini, mwenye uwezo alipanda basi, kisha akanunua gari.

Mama alikua katikati ya mabadiliko hayo. Alimwona baba yake akiheshimiwa kwa baiskeli, halafu akauona mji ukiwaheshimu wenye magari. Akaja Uingereza akakuta hali ni ileile. Kwa hiyo anaponiona mimi nimelowa mlangoni, anaona familia imerudi nyuma vizazi viwili. Nimemwelewa. Baiskeli ni ileile. Kilichobadilika ni nani anaiendesha, na barabara imejengwa kwa ajili ya nani.

Jambo hilo halijaisha. Simama kwenye makutano yoyote ya mji wa Uingereza saa kumi na moja jioni utaona watu wa aina mbili. Kuna meneja mwenye baiskeli ya maelfu ya pauni. Huyo anasifiwa kwamba anajali mazingira na afya yake. Pembeni yake yuko kijana mwenye begi kubwa la chakula mgongoni, mara nyingi mhamiaji. Huyo anaonekana kero. Wako kwenye mvua moja, mbele ya taa nyekundu moja, lakini mmoja anarudi nyumbani na mwingine kazi ndiyo kwanza imeanza. Januari 2022 mwongozo rasmi wa barabarani wa hapa ulibadilishwa, ukawataka madereva wamwachie mwendesha baiskeli angalau mita 1.5 wanapompita, au zaidi wakiwa kwenye kasi kubwa. Mita hizo ni za wote wawili, na huyo kijana anazihitaji kuliko meneja, kwa sababu anakaa barabarani saa nyingi zaidi.

Kiwanda cha Nottingham kiliacha kutengeneza baiskeli mwaka 2002. Sehemu ya eneo lake sasa ni chuo kikuu, na wanafunzi wanapita pale bila kujua kwamba vitu vilivyotoka hapo vilifika hadi Ngamiani.

Basi ombi langu kwenu ni hili. Wiki hii mpigie simu babu, bibi, au mjomba, umuulize: "Ulikuwa unarudije nyumbani kutoka kazini?" Usiulize juu ya uhuru wala siasa, uliza njia tu. Alipita wapi, alibeba nini, nani alimpokea? Wazee wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo, kwa sababu kila mtu anadhani ni jambo la kawaida mno kuwa historia. Mama nilipomuuliza, alizungumza saa nzima. Bado anataka ninunue gari.