Poganyi: Kutoka Mkazi wa Shamba hadi Kinyaa

Poganyi ni kivumishi cha Kirusi kinachotaja kitu kichafu, kiovu, cha kutia kinyaa. Asili yake ni Kilatini, na huko hakikuwa na uchafu wowote. Pagus lilikuwa eneo la mashambani, na paganus ni mkazi wake. Askari wa Roma waliwaita hivyo pia raia wasiobeba silaha. Kuanzia karne ya 4 Wakristo walilitumia kwa mtu asiyefuata dini yao, na kwa maana hiyo likawafikia Waslavi.

Kwa mujibu wa tarikhi za kale, Vladimir, mtawala wa Kiev, aliwabatiza watu wa mji huo mwaka 988, na sanamu ya mungu Perun ikafungwa kwenye mkia wa farasi, ikakokotwa hadi mto Dnieper. Watawa walioandika tarikhi hizo waliwaita poganyi wafugaji wa nyika, hasa Wapolovtsi, waliokuwa wakivamia miji ya Waslavi. Hapo chuki ya vita ikapandishwa juu ya tofauti ya imani. Masimulizi ya vita vya Kulikovo vya 1380, ambapo Warusi walipigana na Watatari, yanawaita hivyo hata Watatari hao, ilhali dola yao ilikwisha kusilimu enzi za Uzbek Khan, mapema katika karne hiyohiyo. Mwenye kumwabudu Mungu mmoja alitiwa kapu moja na waabudu sanamu. Neno halikuuliza tena adui anaabudu nini.

Kutoka kwa watu, unajisi ukahamia jikoni. Waumini wa Imani ya Kale, waliojitenga na kanisa rasmi la Urusi karne ya 17, walitenga vyombo vyao ili wageni wasivinajisi, na kitenzi cha kunajisi kimetokana na neno hilihili. Uyoga usiolika huitwa poganka, ukiwemo ule mweupe-kijani unaoua. Ndoo ya makombo nayo ni ndoo poganyi. Mjini Moscow, karibu na mtaa wa wauza nyama, palikuwa na madimbwi ya jina hilo, yaliyojaa taka za machinjioni, mpaka Menshikov, kipenzi cha Tsar Peter wa Kwanza, alipoamuru yasafishwe mwaka 1703. Tangu hapo yanaitwa Chistye Prudy, yaani Madimbwi Safi.

Kwa majirani neno lilishika njia nyingine. Kwa Kiukraini ni "baya" tu, hata kwa hali ya hewa. Kwa Kipolandi poganin bado ni mpagani, bila uchafu wowote.