FAHAMU: Kamera Ndiyo Inayoamua Mhusika Wako Anatembeaje Kwenye Gemu

Leo tunaingia kwenye gemu, ila siyo ule ubishi wa nani mkali wa FIFA. Tunaongelea kitu ambacho kila mchezaji anakitumia na wachache wanakifikiria: kamera. Hasa kwenye zile gemu unazomwona mhusika wako mzima mzima, mgongo mpaka miguu.

Anza na swali dogo. Ukisukuma kijiti cha pedi kwenda juu, mhusika anaenda wapi? Utasema mbele. Sawa, mbele ya nani? Kule anakoangalia yeye, au kule inakoangalia kamera? Swali hilo limewatoa jasho watengenezaji wa gemu miaka na miaka. Na jibu lao ndilo linalofanya gemu moja uizoee ndani ya dakika mbili, na nyingine utamani kurusha pedi ukutani.

1996: mwaka mmoja, majibu matatu

Enzi za gemu za pande mbili hakukuwa na kesi. Mario anakimbia kulia, kamera inasogea naye kulia, imeisha hiyo. Balaa lilianza 3D ilipoingia.

Machi 1996 Capcom wa Japani walitoa Resident Evil. PlayStation ya wakati ule isingeweza kuchora jumba zima kwa ubora ule huku unacheza, kwa hiyo vyumba vilikuwa picha zilizoandaliwa kabla, na kamera zimefungwa kwenye kona kama CCTV za dukani. Alone in the Dark ya Ufaransa ilishatumia mbinu hiyo mwaka 1992. Ukivuka hatua moja, picha inakatika na unajiona kutoka upande mwingine.

Sasa chukulia "juu" ingefuata kamera. Unamkimbia zombi, picha inabadilika, ghafla juu imekuwa chini, na unamrudia zombi mwenyewe mdomoni! Ndiyo maana mhusika akapewa mwendo wa kifaru cha jeshi: juu ni mbele yake yeye, na kulia au kushoto anageuka palepale aliposimama. Kamera ibadilike mara kumi, wewe ukishikilia juu anaendelea na njia yake.

Juni mwaka huohuo, Nintendo wakaja na Super Mario 64. Pedi yao ilikuwa na kijiti: sukuma kidogo ananyata, sukuma sana anakimbia. Hapa "juu" ilifuata kamera. Na kwa sababu watu hawakuzoea kamera ya kuzungusha, Nintendo wakaipa mbebaji. Anaitwa Lakitu, anapaa juu ya wingu na kamera yake imening'inia kwenye fimbo. Kuna chumba chenye kioo kikubwa, ukiingia unamwona kabisa anakufuata nyuma. Mario akawa huru kuliko mhusika yeyote wa wakati wake, lakini kulikuwa na bei: upo juu ya daraja jembamba, kamera ikijigeuza na miguu inageuka nayo. Chini!

Mwisho wa mwaka ikatoka Tomb Raider, ya Core Design wa Uingereza. Kamera ilikaa mgongoni kwa Lara, ila mwendo wake ni wa kifaru. Dunia yake ilijengwa kwa miraba inayolingana, na miruko ya Lara imepimwa kwa miraba hiyo. Unasogea ukingoni, unaruka hatua moja nyuma, unakimbia, unaruka. Ukihesabu vizuri unafika.

Kidole gumba cha kulia chapata kazi

Mwaka 1997 Sony walitoa DualShock, pedi ya vijiti viwili. Taratibu kijiti cha kulia kikakabidhiwa kamera: gumba la kushoto ni miguu, la kulia ni macho.

Mwaka 1998 Zelda: Ocarina of Time ikaongeza akili nyingine. Unabonyeza kitufe, kamera inamganda adui, na Link anaanza kumzunguka kama bondia ulingoni badala ya kukimbia ovyo. Mwaka 2005 Resident Evil 4 ikaihamishia kamera begani kwa Leon. Unaona vizuri unapolenga, lakini ukiinua bunduki miguu inasimama kabisa, na hofu yote ya gemu ile inatokea hapo. Gears of War ya 2006 ikachukua kamera ya begani, na jamaa akikimbia ameinama, kamera inashuka chini na kutikisika naye.

Mfano mzuri zaidi ni God of War. Kwenye ile ya 2005 kamera ilijiendesha yenyewe kwa mbali, kwa hiyo kijiti cha kulia kikapewa kazi ya kukwepa mapigo. Kratos alikuwa anaruka na kuzungusha visu huku maadui wote unawaona. Ya 2018 ikaisogeza kamera begani kwake, na haikati picha toka mwanzo hadi mwisho. Kratos huyohuyo akawa mzito, anapigana na mmoja mmoja. Walio nyuma huwaoni, ndiyo maana kuna vimshale vinamzunguka na sauti za kumtahadharisha.

Sasa kwa nini hili lina maana?

Kwa sababu vijana wengi wakigusa gemu za zamani wanasema "controls mbovu" na kuzima. Ule mwendo wa kifaru ulikuwa dawa ya kamera inayokatika. Resident Evil iliporudi mwaka 2015, iliruhusu mwendo unaofuata kamera. Kuwakwepa mazombi kukawa rahisi, na kwa maoni yangu hofu ikapungua.

Halafu mpe pedi ya leo mtu ambaye hajawahi kucheza, mama yako au mdogo wako. Atatembea huku anaangalia dari, au atasimama ndiyo aangalie. Sisi tunacheka, tukisahau tumechukua miaka kuvifundisha vidole viwili kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja. Kamera ya kujiendesha ya zamani ilimwondolea mgeni mzigo huo. Siku hizi gemu nyingi kubwa zinakuachia wewe.

Haya wadau, kamera ya gemu gani ilikuua zaidi kuliko maadui wenyewe? Tiririka kwenye komenti.